Anza na swali, kesi zitafuata

SWALI: Shikamoo wakili. Nasoma sheria, mwaka wa pili, hapa Dar es Salaam. Semesta hii nina masomo matano: ardhi, ushahidi, madhara (tort), sheria ya utawala na sheria ya familia. Kila somo lina orodha ya kesi, na nikizijumlisha zinapita mia. Naishi kwa shangazi Gongo la Mboto. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, narudi saa moja usiku, nasaidia jikoni, kisha nasoma mpaka saa saba. Kesi moja inanichukua usiku mzima, Kiingereza cha mahakama kinanishinda. Jaribio la ushahidi nimepata 11 kati ya 30. Kuna wenzangu wanashika madesa tu, yale maelezo mafupi ya kurithishana, na wamenizidi. Je, sheria si yangu? Au nihamie hosteli? Halafu kuna mtu anauza kitabu cha sheria ya ushahidi kutoka India, toleo la zamani, elfu hamsini. Nichukue?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hesabu, somo ambalo wengi wetu tulikimbilia sheria ili tusionane nalo tena.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za darasani, semina, maktaba na hata mtihani wenyewe. Mwaka ni krediti 120. Semesta moja basi ni krediti 60, sawa na saa 600. Zigawe kwa wiki kumi na tano za masomo, unapata saa 40 kwa wiki. Hiyo ni ajira kamili, ya kuingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa.

Sasa jihesabu wewe. Vipindi na semina tuseme saa 18. Usiku unasoma saa nne, siku sita za wiki, saa 24. Umeshapita arobaini, na hapo sijagusa zile saa za katikati ya vipindi unazokaa chuoni ukisubiri. Kwa hiyo anayekwambia ujitahidi zaidi anakuonea. Saa unazo, ila zinamwagika mahali fulani, na wewe mwenyewe umepataja: "kesi moja inanichukua usiku mzima".

Nikuoneshe ninavyotaka uisome kesi. Nachukua moja ambayo naamini imo kwenye orodha yako ya sheria ya familia: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, [1983] TLR 32 (yaani Tanzania Law Reports), ya Mahakama ya Rufani, hukumu ya Jaji Mkuu Nyalali. Mwanafunzi wa kawaida huifungua ukurasa wa kwanza, anashika kalamu ya njano na kuanza kupiga mistari. Kila sentensi inaonekana muhimu, maana hajui anatafuta nini. Akifika ukurasa wa tatu karatasi nzima imeiva kama embe dodo, na yeye kalala.

Wewe anza mbali na kesi. Anza na swali la semina. Tuseme linasema hivi: Mwajuma ameolewa miaka kumi na miwili, hajawahi kuajiriwa. Kapika, kafua, kalea watoto watatu, kamuuguza mama mkwe. Mumewe, dereva wa lori, kajenga nyumba Mbagala kwa jina lake peke yake. Ndoa imevunjika na Mwajuma anataka sehemu ya nyumba. Mshauri.

Lisome mara mbili, kisha weka karatasi chini. Jiulize kama binadamu kwanza: haki iko wapi hapa? Mume atajiteteaje? Dakika kumi zinatosha. Ndipo uende kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114. Utakuta kwamba mahakama inapogawa mali iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Weka kidole kwenye neno "kazi". Kazi ipi? Kufua ni kazi? Kumpeleka mtoto kliniki ni kazi?

Sasa fungua hukumu. Safari hii unajua unachokidai kwake. Kurasa zinazoeleza shauri lilivyopanda kutoka mahakama ya chini unazipita kama mwendokasi unaopita kituo bila kusimama. Unasimama pale Mahakama inapoeleza kwamba majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika: wapo walioona kazi za nyumbani ni wajibu wa mke na hazimpi kitu, wapo walioona ni mchango. Unasimama tena pale inapoulizwa Bunge lilitaka kuponya ugonjwa gani lilipotunga sheria ile. Na unasimama pale jibu linapotoka: kazi za nyumbani ni mchango.

Usifunge kitabu hapo. Endelea mpaka mwisho, kwa sababu mwisho huo ndio ambao madesa huwa yanausahau. Bi Hawa hakutoka na kitu. Mahakama iliona mumewe alishampa fedha za kuanzisha biashara ya familia, naye akazitapanya, hivyo mchango wake ukafutika. Kanuni ilishinda, aliyeileta akashindwa. Ukimshauri Mwajuma bila kujua hilo utasahau kumuuliza swali ambalo wakili wa mume ataanza nalo: "Alikupa hela? Ulizifanyia nini?" Nimesahihisha karatasi nyingi zinazosema Bi Hawa alipewa nyumba, na hapo hapo najua desa limetembea toka kwa kaka wa mwaka wa nne mpaka kwa mdogo wa mwaka wa pili bila mtu hata mmoja kufungua hukumu.

Kusoma kwa namna hii huchukua saa moja mwanzoni, baadaye hata dakika arobaini. Ukimaliza, funga hukumu na uandike kwenye kadi, kwa maneno yako, bila kuchungulia: nani alimdai nani nini, swali la sheria lilikuwa lipi, mahakama ilisema nini, kwa sababu gani, na nani alitoka na nini. Mistari mitano au sita. Kama huwezi kuijaza bila kuchungulia, rudi kwenye sehemu ile tu iliyokukwamisha.

Saa 40 ukitoa 18 za darasani zinabaki 22. Kila somo lina kama saa nne na nusu kwa wiki. Ndani yake linaingia swali la semina, kifungu cha sheria, hukumu tatu, na nusu saa ya kuandika jibu la swali lile ulilolianzia. Umesikia vizuri, hukumu tatu. Orodha ya wiki ikiwa na kumi na mbili, zile tisa nyingine utazijua kwa mistari miwili tu kila moja. Najua hii inakuogopesha. Mwanafunzi mwenye bidii huogopa kuchagua kwa sababu anahisi anaiba. Lakini hata sisi mahakamani hatusomi kila kitu. Jaji akikupa dakika ishirini unakwenda na kesi tatu zilizokaa vizuri.

Za kuchagua unazijuaje? Angalia ni ipi nyingine zote zinairejea. Angalia uamuzi wa karibuni wa Mahakama ya Rufani, kwa kuwa hiyo ndiyo inayozifunga mahakama zote zilizo chini yake. Msikilize mwalimu: kesi aliyoitaja mara mbili na kuisimulia kwa tabasamu, ichukue. Na hapa ile sheria mnayoiita JALA (Judicature and Application of Laws Act), Sura ya 358, mliyoikariri mwaka wa kwanza mkaisahau, inarudi kukuokolea muda. Tarehe ya kukumbuka humo ni 22 Julai 1920, tarehe ya kupokelewa kwa sheria za Uingereza hapa kwetu. Kwenye somo la madhara utakutana na Rylands dhidi ya Fletcher ya 1868, ambayo ni ya kabla ya tarehe hiyo. Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932, ile ya konokono kwenye chupa ya soda ya tangawizi, ni ya baada yake, nayo kwetu ni ya kushawishi tu, haitufungi. Isome, maana somo zima la uzembe limejengwa juu yake, lakini isome kwa akili: majaji walikuwa watano, watatu dhidi ya wawili. Msome Lord Atkin kwa utulivu. Msome Lord Buckmaster haraka, upate hoja za upande ulioshindwa, maana kwenye mtihani utahitaji mtu wa kubishana naye. Watatu waliobaki wapitie tu.

Kuna kesi nyingine zinazolipia nauli mara tatu. Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990, Jaji Mwalusanya. Mama wa Bukoba aliyerithi shamba kwa baba yake kwa wosia akaliuza, mpwa wake akaja juu kwamba mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akaikataa mila hiyo kwa kuwa inabagua, kinyume cha haki zilizomo kwenye Katiba. Hiyo utaitumia kwenye ardhi, utaitumia kwenye familia, na katiba ulishaisoma. Sasa kwa nini uwe na kadi tatu? Panga kadi zako kwa jina la kesi, wala usizipange kwa somo, na pembeni uandike masomo yote inamoingia. Ukifika wiki ya kumi utashangaa ile mia na kitu imepungua.

Kuhusu Kiingereza sitakudanganya kwamba kitajirekebisha chenyewe. Lakini nadhani umekosea mpangilio: unajaribu kuelewa sheria na kuelewa Kiingereza kwa wakati mmoja, na vyote viwili vinakukimbia. Mnapochambua mchele na shangazi, msimulie kesi uliyosoma. Kwa Kiswahili, kama habari ya mtaani: kuna mama mmoja Bukoba aliuza shamba, mtoto wa ndugu yake akaja juu. Shangazi atauliza maswali, tena makali kuliko ya mwalimu wako. "Sasa hela ya yule aliyenunua itarudi?" Kama huna jibu, umegundua shimo kwenye usomaji wako bila kulipa ada. Ukishaielewa kwa Kiswahili, kuiandika kwa Kiingereza ni kazi ya ufundi tu. Kwa ufundi huo, weka daftari dogo la maneno ya mahakama, hasa vitenzi: vya kukata rufaa, kutupilia mbali, kubatilisha, kuthibitisha, kurejesha jalada. Yanajirudia sana. Baada ya hukumu thelathini hayakusumbui tena.

Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Usije ukadhani basi Kiingereza kimekufa. Hukumu nyingi za miaka iliyopita ziko kwa Kiingereza, na mtihani wako pia. Utakuwa wakili wa lugha mbili, na mteja wako wa Gongo la Mboto atakulipa kwa ile unayoidharau.

Sasa hiyo 11 kati ya 30. Sijaiona karatasi yako, lakini nimeona ndugu zake. Ukurasa wa kwanza mwanafunzi anausimulia upya mkasa wote wa swali, kana kwamba msahihishaji hakuutunga yeye. Ukurasa wa pili anatoa maana ya ushahidi, aina za ushahidi na historia ya sheria ya ushahidi. Muda unakwisha akiwa hajamgusa mtuhumiwa wa kwenye swali. Alama za sheria kapata, alama za kuitumia sheria kaziacha mezani, na kwa kawaida hizo ndizo nyingi. Wenzako wa madesa waliokuzidi huenda hawajui sheria kukuzidi hata kidogo. Wamejibu kilichoulizwa, basi.

Dawa yake ni ile nusu saa ya mwisho niliyoitaja. Kila wiki, kila somo, andika jibu moja kwa mkono, kwa saa ya ukutani. Mtihani wa saa tatu wenye maswali manne unakupa dakika 45 kwa swali, na kumi za mwanzo ni za kufikiri na kupanga. Sentensi yako ya kwanza itaje suala: je, maungamo aliyoyatoa Juma kituoni yanapokeleka? Kisha kifungu, kisha kesi, kisha rudi kwa Juma. Juma atajwe jina. Jibu ambalo halimtaji Juma kwa ukurasa mzima limepotea njia. Ukishaandika machache, mpelekee mwalimu wa semina jibu moja na umuulize swali moja: "Hapa ningepoteza alama wapi?" Wengi hatukatai. Tunachochoka nacho ni mtu anayekuja wiki ya mitihani kuuliza "kitatoka nini".

Madesa yenyewe si haramu. Yatumie kama ramani, ujue mada inaanzia wapi na kuishia wapi, ila usiyanukuu. Pamoja na yale ya Bi Hawa, kuna jambo jipya: sheria zetu zilizorekebishwa, Toleo la 2023, zilianza kutumika Julai 2025. Desa la 2021 linaweza kukupa namba ya kifungu iliyohama. TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure, hata kwenye simu, na hukumu nzima iko pale. Tahadhari hiyo hiyo ichukue kwa programu za akili mnemba zinazofupisha kesi kwa sekunde. Mwaka 2023 huko New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mawakili walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo programu ilizitunga kutoka hewani. Muhtasari ukikupa jina la kesi, litafute. Usipoliona, usilitumie.

Na ukiona wivu na hao wa madesa, kumbuka matokeo ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), wanakopita wahitimu wa sheria kabla ya kuwa mawakili, yaliyozua mjadala nchi nzima Oktoba 2022: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi na si zote ni za wanafunzi. Lakini pale unatakiwa uandike hati ya madai na uitetee, na desa halisimami kizimbani.

Diskasheni? Ndiyo, watu wanne, mara moja kwa wiki, na kila mmoja aje ameshaandika jibu. Zile kesi tisa za mistari miwili mnaweza kugawana. Zile tatu, hapana, kila mtu ale ugali wake.

Hosteli nisingekukimbiza. Nimeona waliohamia wakapata saa tatu za barabarani na kuzipoteza zote kwenye kelele za korido. Kabla ya kuhama, badilisha mambo mawili. Saa za katikati ya vipindi zihamishie maktaba. Ukifika nyumbani uwe umeshasoma hukumu zako za siku mchana, ukiwa na akili, na usiku ubakie wa kadi na maandishi, mwisho saa tano. Hukumu inayosomwa saa saba usiku husomwa mara tatu, ndiyo maana inakuchukua usiku mzima. Kwenye basi, ukiwa umesimama umebanwa na mabegi, huwezi kusoma kitu. Jirekodi ukisoma kadi zako kwa sauti, ujisikilize. Utajichukia sauti siku mbili, halafu utazoea.

La pili ni shangazi. Ukimnukulia Bi Hawa kuhusu thamani ya kazi za nyumbani atakufukuza jikoni na nyumbani pia. Mwombe kwa adabu siku mbili, tuseme Jumanne na Alhamisi, usiguse sufuria, nawe Jumamosi ubebe jiko zima tangu asubuhi, sokoni mpaka vyombo. Mweleze jaribio la pili ni lini. Watu wazima hukubali jambo lenye tarehe.

Ulichouliza mwisho nakijibu kwa furaha, kwa sababu ni mara chache kitu cha zamani kinakishinda kipya kwa ubora. Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967 imetokana na ile ya India ya 1872, ndiyo maana vitabu vya ufafanuzi vya India vimejaa kwenye maktaba zetu na ofisini kwetu. Sasa India yenyewe imeifuta sheria ile. Tangu Julai 2024 wanatumia mpya, na mpangilio wa vifungu umebadilika, kwa hiyo vitabu vyao vipya havifuatani tena na vyetu kwa urahisi. Cha zamani, kinachofafanua ya 1872, kinakufaa zaidi. Ila kwanza nenda steshenari, chapisha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, toleo jipya, ifunge kwa waya, uiandike pembeni mpaka ichakae. Zikibaki hela, mwambie muuzaji elfu thelathini. Hamsini ni bei ya mtu asiyejua kwamba India wamebadilisha.